Presha ya Kijana, Miguu ya Mzee

Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa dresa, msaidizi wa tiba, katika zahanati ya shamba moja la mkonge, upande wa Mingoyo, na kwa muda wote huo kosa lililonikasirisha kuliko mengine lilikuwa la mgonjwa kujiongezea dawa. Nilikuwa na hotuba yake. Nilimsimamisha mtu mbele ya wenzake, nikainua chupa juu, nikauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Wengi hawakujua kusoma, na mimi nilijua kuwa hawajui, lakini niliuliza tu kwa sababu nilipenda kujibu mwenyewe. "Pameandikwa kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hapakuandikwa utafune kama karanga." Watu walicheka, mgonjwa akainamisha kichwa, nami nikarudi kwenye meza yangu nikijiona mtu mwenye elimu.

Nalisema hili kwanza ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuanguka barabarani mbele ya Wakristo wote wa Lindi.

Jina langu ni Klementi. Nilizaliwa Milola, Mmwera, mtoto wa wakulima, na udresa nilijifunzia misheni. Nilistaafu mwaka 1953. Mimi na mke wangu Apolonia tukajenga nyumba ya udongo Rasbura, pembeni mwa mji wa Lindi, kwa sababu nilisema mtu wa kazi yangu hawezi kurudi shamba kushika jembe. Apolonia alilima nyuma ya nyumba, akapanda kunde na mihogo, nami nikala vyote bila kukumbuka kwamba jembe nililikataa.

Miaka miwili baadaye kaka yangu Evaristo alikutwa Milola chini ya mikorosho yake, amepigwa na kiharusi, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umekufa. Alilala miezi minane. Nilikwenda kukaa naye, nikawa ndiye ninayemgeuza, ninayemwosha, ninayemlisha uji kwa kijiko. Alikuwa msemaji kuliko mimi, na mjue kwamba hilo si jambo jepesi, lakini katika miezi ile nane alibaki na neno moja tu, "ee." Alilitumia kwa njaa, kwa maumivu na kwa kutaka nitoke nje. Nilipomzika, nilikwisha kuapa kwamba hayo hayatanipata mimi. Sikumwambia mtu kiapo changu, hata Apolonia.

Baada ya mazishi nikaanza kuumwa kichwa kisogoni. Nikaenda hospitali mjini. Daktari alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, mtu wa makamo, mwembamba, aliyesema Kiswahili polepole kana kwamba anakihesabu. Alinifunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akakijaza hewa, akatazama zebaki ikishuka ndani ya kioo.

"Mia mbili na kumi," alisema. "Presha iko juu, mzee."

Alinipa vidonge vidogo vyeupe, akaniambia ni dawa mpya, inatokana na mzizi wa Bara Hindi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nipunguze chumvi. Nirudi baada ya mwezi.

"Bwana daktari, mimi nilikuwa dresa," nilimwambia. "Hayo nayaelewa."

"Vizuri," alisema. "Basi wewe hutanisumbua."

Mwezi ule wa kwanza nilikuwa mgonjwa mwema. Niliporudi, zebaki ilisimama kwenye mia na sabini na tano. Daktari alifurahi. Mimi nilifurahi kupita yeye, na hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Ikiwa vidonge viwili vinashusha thelathini na tano, basi vinne vitashusha sabini, na mimi nitakuwa na presha ya kijana wa miaka ishirini. Hesabu ile ilinipendeza sana. Kama mgonjwa wa shamba angeniletea hesabu ya namna ile, ningemsimamisha mbele ya wenzake.

Dawa ya mwezi ilikwisha kwa wiki mbili. Sikwenda hospitali, maana yule Mgoa angeniuliza. Nilikwenda Mingoyo, kwenye zahanati yangu ya zamani, ambako aliyeshika nafasi yangu alikuwa Yohana, kijana niliyemfundisha mwenyewe kufunga bandeji na kuchemsha sindano.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akaniachia kiti chake.

"Marahaba, Yohana. Nimepata bahati mbaya. Chupa yangu ya dawa imeanguka chooni."

Alinihurumia. Zahanati ilikuwa na dawa ileile, kwa ajili ya wanyapara wazee, na mashine ya presha ilikuwa pale pale kabatini nilipoiacha. Akanipima, akanipa kopo zima la vidonge. Mwezi uliofuata nilirudi nikamwambia chupa imeanguka chooni tena. Yohana aliniangalia kwa muda, macho yake yakaenda kwenye kiti nilichokalia, ambacho alikalia yeye siku nyingine zote, kisha akafungua kabati. Ningemlaumu vipi? Nilimfundisha mengi, lakini sikumfundisha namna ya kunikatalia.

Zebaki ikashuka. Mia na hamsini. Mia na thelathini na tano. Mia na kumi na nane. Niliandika kila namba kwa penseli ukutani, juu ya kitanda, na mgeni akija nilimwingiza chumbani aone. Jirani yetu Biasha, mama wa kabila la Wamachinga aliyekuwa akija kuazima chungu, nilimsomesha ukuta ule mara tatu. Mara ya nne alibaki uani, akasema chungu atapewa hapohapo.

Chumvi nayo niliiacha kabisa. Daktari alisema nipunguze, lakini kupunguza ni kazi ya wagonjwa wa kawaida. Apolonia alinipikia samaki bila chumvi, kunde bila chumvi, kisamvu bila chumvi, na mimi nikala vijiko vitatu, nikasukuma sahani. Nilisema mtu mzima hahitaji chakula kingi. Mkanda wangu wa suruali uliongezwa tundu la kwanza, la pili, na la tatu nililitoboa kwa msumari.

Sasa nieleze hali yangu yenyewe, ambayo kila mtu aliiona isipokuwa mimi niliyesomea. Pua iliziba usiku na mchana. Nilisema ni vumbi. Nilianza kusinzia kwenye kiti baada ya chai ya asubuhi. Nilisema ni amani ya moyo. Kuku wa Apolonia alipogongwa na baiskeli nililia machozi mpaka jioni, mimi niliyekata vidole vya watu vilivyosagwa na mashine ya mkonge bila kupepesa. Nilisema ni moshi. Ndoo niliyokuwa nikiivuta kisimani kwa mkono mmoja sasa niliivuta kwa miwili, kisha nusu yake, kisha nikagundua kwamba kuteka maji si kazi ya mwanamume aliyestaafu. Kifuniko cha chupa ya mafuta kilinishinda, nikasema kimeshika kutu. Kilikuwa cha gome la mti.

Nilipoinuka kitandani, chumba kilizunguka, nikashika ukuta, mkono ukiwa juu ya zile namba nzuri. Nilianguka mara mbili uani. Mara ya kwanza nilimwambia Apolonia nimeinama kutafuta kifungo. Mara ya pili alinikuta nimelala chali, na mtu hatafuti kifungo akiwa amelala chali.

"Baba Rosalia," alisema, baada ya kunikalisha. Rosalia ni binti yetu, ameolewa Nachingwea. "Hiyo presha inashuka, na wewe unashuka nayo."

"Mama Rosalia, hujui habari ya udaktari."

"Sijui. Najua kukubeba. Mwaka jana nisingeweza, sasa naweza."

Nikajikokota mpaka chumbani, nikalala.

Ikafika Sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa Juni, mwaka 1957. Kwetu siku ile kuna maandamano barabarani, yanayosimama kwenye altare zilizopambwa njiani. Padri hubeba Sakramenti, na juu yake wazee wanne hubeba kitambaa cheupe chenye nguzo nne, mithili ya paa. Nguzo ya mbele kulia ilikuwa yangu tangu tuhamie Rasbura. Kabla ya kuanza, katekista wetu Lukas, mtu mpole aliyeniona nikishika mti ili kuvaa viatu, alinisogelea.

"Mzee Klementi, mwaka huu tupokezane. Mimi nibebe mpaka altare ya kwanza, wewe umalizie."

"Kwani mimi nimekufa, Lukas?"

"Hapana, mzee."

"Presha yangu ni mia na kumi. Yako ni ngapi?"

Lukas hakujua yake, kama watu wote wenye afya. Akaniachia nguzo.

Nilifika altare ya kwanza kwa miguu inayotetemeka ndani ya suruali, nikimshukuru Mungu kwa upana wa ile suruali. Pale tulipiga magoti. Wimbo ulikuwa mrefu. Jua lilikuwa utosini, na asubuhi ile nilikunywa vidonge vitatu, cha ziada kwa ajili ya sikukuu. Kengele ikalia, tukainuka. Wenzangu watatu waliinuka. Mimi niliinuka pia, nakumbuka hilo, nakumbuka nikiona mabega ya padri, kisha nikaona mabega manne, kisha barabara ikapanda juu polepole ikanijia usoni.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilianguka na nguzo, nguzo ikavuta kitambaa, kitambaa kikawavuta wale watatu, na paa lote likamfunika padri. Alisimama ndani yake wima, hakuiachia Sakramenti, na watu wanasema sauti yake ilisikika kutoka ndani ikiendelea na sala kwa Kilatini. Lukas alikwenda kumfunua padri kwanza. Sikumlaumu. Aliyenifikia mimi ni Biasha, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa ndugu yake akitazama maandamano yanavyopita. Alinilaza, akakunja upande wa kanga yake chini ya kichwa changu, akaweka mwingine kwenye nyusi yangu iliyopasuka. Nilipofumbua macho nikasikia mtu nyuma akisema, "Amekunywa," na Biasha akamjibu bila kugeuka, "Amekunywa dawa. Nyumba nzima kaiandika."

Walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa maji. Apolonia alitembea kando yake kwa gauni lake la sikukuu na kanga mabegani.

Daktari alinishona nyusi, akanipima nikiwa nimelala. Mia na kumi na sita. Nikatabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, dresa wa miaka ishirini na saba, sikuwahi kulifanya kwa mgonjwa hata mmoja. Aliniambia nisimame, akanipima nimesimama, huku muuguzi amenishika kwapa. Zebaki ilishuka, ikashuka, nikaanza kuona nyota.

"Themanini na mbili," alisema. "Mlazeni." Akavuta kiti, akakaa. "Mzee Klementi, unakunywa vidonge vingapi?"

"Kama ulivyoniambia, daktari."

Apolonia alifungua fundo la kanga. Nilidhani ana leso. Alitoa kopo langu la vidonge, akaliweka kitandani, kisha akasema kwa heshima, kana kwamba anasoma risala, "Vinne kila siku tangu mwezi wa pili. Leo vitatu kabla ya misa. Chumvi hagusi. Chakula vijiko vitatu. Ameanguka mara mbili uani, leo ya tatu. Anavipata Mingoyo."

Daktari alinitazama.

"Vipi unavipata Mingoyo?"

"Niliwaambia chupa imeanguka chooni."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Wewe ulikuwa dresa. Mgonjwa akikuambia chupa imeanguka chooni mara tatu, unasemaje?"

"Nasema ni mwongo," nilijibu.

Alitikisa kichwa, hakucheka. Nilitamani acheke. Akanibonyeza paja kwa vidole, akaniomba nimshike mkono nikaze kadiri niwezavyo, nikakaza, akaniuliza nitaanza kukaza lini. Kisha akanikalisha kitini, akaniambia niinuke bila kushika kitu. Sikuweza. Nilijaribu mara tatu, matako yakagoma kuachana na kiti.

"Sikiliza," alisema. "Damu ya mzee lazima ipande mpaka kichwani anaposimama. Umeishusha mno, haipandi. Na mwili umeunyima chakula, nyama ya miguu imekwisha. Mimi nataka mia na hamsini, au mia na sitini, ya mtu anayetembea. Mia na kumi ya mtu aliye chini siitaki. Ukivunjika nyonga, utalala, na mzee akilala hivyo mara nyingi haamki."

Neno lile "utalala" ndilo lililonipata. Nikamwona kaka yangu kwenye kitanda chake cha kamba, na kijiko cha uji. Nilieleza yote pale pale, habari ya Evaristo na kiapo changu, mbele ya muuguzi na mbele ya Apolonia, na nililia, na safari hii sikutafuta moshi wa kusingizia.

Apolonia alingoja nimalize. "Evaristo hakuchagua," alisema. "Ungeniambia unaogopa, tungeogopa wote."

Tuliagizwa hivi. Dawa niache wiki mbili, kisha kidonge kimoja tu kwa siku, na kopo alishike Apolonia. Chumvi kidogo chunguni, ili chakula kipite kooni. Samaki, mayai, kunde. Kabla ya kuinuka kitandani nikae ukingoni nihesabu thelathini. Na kila siku nijifunze kuinuka kitini, kama mtoto.

Kazi hiyo ya kiti ilikuwa ngumu kuliko udresa. Apolonia alikiweka uani, akasimama mbele yangu na kuhesabu kwa Kimwera. Wiki ya kwanza hakupata cha kuhesabu. Alisema tu "moja" akangoja, na moja ile ilimzeekea mdomoni. Biasha aliegemea ua akitazama, na siku nilipoinuka mara ya kwanza bila mikono alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, wakadhani kuna harusi. Nikalazimika kueleza kwamba mzee mmoja amesimama.

Ilichukua miezi. Mwezi wa nane niliinuka mara tano. Mwezi wa kumi nilivuta ndoo nusu. Namba nazo zilipanda: mia na arobaini, mia na hamsini na tano, na siku moja mia na sabini. Siku hiyo hofu ilinirudia yote. Nilirudi nyumbani nikaomba kopo.

"La nini?" aliuliza Apolonia.

"Kulitazama tu."

"Litazame," alisema, akalishika mkononi mwake bila kulifungua, mpaka nikachoka kulitazama. Kisha akanituma kisimani. Mwezi uliofuata ilikuwa mia na hamsini na nane.

Nilikwenda Mingoyo pia, kwa miguu yangu, kumwomba Yohana msamaha. Alitaka kuniachia kiti, nikakataa, nikasimama kwenye mstari na wagonjwa. Ilipofika zamu yangu nilimwambia yote. Alishusha macho mezani.

"Mara ya tatu nilijua, mwalimu," alisema. "Niliona haya kukuambia."

"Siku nyingine usione haya. Inua chupa juu, niulize pameandikwa nini."

Mstari wote ulicheka, na baadhi yao nilikuwa nimewafanyia hayohayo zamani. Mzee mmoja aliyekuwa mkata mkonge alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini linalonipa aibu kubwa kuliko lile la barabarani lilitokea mwaka uliofuata. Tulikwenda hospitali kama kawaida, Apolonia amebeba kopo. Daktari alipokwisha kunipima alimgeukia.

"Na mama, umewahi kupimwa?"

"Mimi siumwi," alisema Apolonia.

Alimfunga kitambaa. Zebaki ilisimama kwenye mia na tisini na nane. Nilimwomba apime tena, nikidhani mashine imeharibika. Akapima tena. Mia na tisini na sita.

Mtu huyu alinibeba uani, alinihesabia kwa Kimwera, alilima, alipika vyungu viwili, chenye chumvi na kisicho na chumvi, na kila siku aliusoma ukuta wangu wa namba. Mimi mwenye elimu sikuwahi kumshika hata kifundo cha mkono nihesabu mapigo ya moyo. Nilipomuuliza kama alikuwa akiumwa kichwa, alisema ndiyo, tangu zamani, ila alidhani ni kwa sababu ya maneno yangu.

Yeye alipewa kidonge kimoja kwa siku, na anakunywa kimoja. Hahesabu, hajigambi, hana ukuta. Nilitaka kumfundisha kukaa ukingoni mwa kitanda na kuhesabu thelathini, nikakuta anafanya hivyo tangu siku ile nilipoagizwa mimi, maana tulikuwa tukiamka pamoja.

Sasa ni mwaka 1959. Mwanzoni mwa msimu wa korosho tulihamia Milola kwa miezi mitatu, kwenye mikorosho aliyoiacha Evaristo. Niliokota korosho kwa mikono hii, nikikaa chini mara mbili kwa kila mti. Nguzo ya maandamano anabeba Lukas, na mimi hufuata nyuma na fimbo, pamoja na akina mama, ambao hutembea taratibu na kuimba vizuri zaidi. Kila mwezi tunakwenda kupimwa wote wawili. Mwezi uliopita Apolonia alikuwa mia na hamsini na mbili, mimi mia na sitini. Tuliporudi alinitangulia mpaka kwenye duka la kona, nikamkuta amekalia gunia la mihogo la mwenye duka.

"Utapumzika?" aliniuliza.

Nilimwambia sihitaji. Kisha nikakaa.